Milioni 45 mkononi Dar: nyumba kamili ya karatasi ya mtaa, pagale lenye ofa, au nyumba ya shirika?

Tuseme una milioni 45 taslimu. Umechoka kumlipa mwenye nyumba kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na unataka pa kwako humu humu Dar es Salaam. Kwa fedha hiyo Mbezi Beach, Mikocheni na Sinza ziweke pembeni, hata kiwanja kitupu huko hakikusubiri. Zinabaki njia tatu ambazo madalali huziuza kwa maneno yale yale: "haina mgogoro, huduma zote zipo, bei maelewano." Ya kwanza ni nyumba iliyokwisha kwenye eneo ambalo halijapimwa, unayopewa kwa karatasi ya serikali ya mtaa. Ya pili ni pagale, yaani nyumba ambayo haijaisha, lililosimama kwenye kiwanja kilichopimwa. Ya tatu ni nyumba iliyojengwa na shirika la umma au mfuko wa hifadhi ya jamii, unayoanza kuilipia kwa hizo milioni 45 na kumalizia kwa mkopo.

Msimamo wangu nautoa mapema: kwa mtu asiye na ajira ya mshahara, mwenye fedha hiyo na si zaidi, ningenunua pagale lililokwishapauliwa kwenye kiwanja chenye ofa (barua ya serikali ya kumpa mtu kiwanja) au hati, hata kama nitalala mwaka mzima bila dari. Nyumba ya bei ndogo haijapunguzwa bei kwa huruma ya muuzaji. Kilichotoka kwenye bei kimehamia mahali pengine: kwenye karatasi, kwenye nauli, au kwenye mfuko wa fundi. Kazi ya mnunuzi ni kujua kimehamia wapi, kisha aamue kama mzigo huo anauweza.

| | Nyumba kamili, karatasi ya mtaa | Pagale, ofa au hati | Nyumba ya shirika |
|---|---|---|---|
| Unahamia lini | Wiki hiyo hiyo | Ukishaweka milango, choo na umeme | Ukishatimiza malipo ya awali na mkopo kupita |
| Benki na mkopo wa nyumba | Kwa kawaida inakataa | Inakubali hati ikishatoka | Inakubali |
| Gharama iliyojificha | Mgogoro, bomoabomoa, urasimishaji (mtaa kupimwa na kupewa hati baadaye) | Umaliziaji | Riba, VAT, nauli |
| Kinachokuuma usiku | "Je, ni yake kweli?" | "Fundi atarudi lini?" | "Mshahara ukikatika je?" |

Nyumba kamili ya karatasi ya mtaa

Hizi ndizo nyingi: Kivule, Majohe, Msongola, Chamazi, Mbagala za ndani, Kigogo. Vyumba vitatu, kimoja masta, umeme upo, na kisima kipo au jirani anauza maji. Unalipa, unahamia, na kodi ya pango inakoma mwezi huo huo. Faida hiyo si ndogo, na anayeidharau hajawahi kugombana na mwenye nyumba juu ya bili ya maji.

Shida iko kwenye karatasi. Ardhi yote Tanzania ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ndiyo inayosema nani anamiliki nini na kwa muda gani. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa haumfanyi mtu kuwa mmiliki. Unathibitisha tu kwamba siku fulani watu fulani waliuziana mbele ya mashahidi. Usiudharau, kwa sababu majirani wa mipaka waliosaini ndio watakaokutetea siku ya kesi, lakini usiuhesabu kama hati. Na ile asilimia 10 ya bei ambayo baadhi ya ofisi za mtaa huidai ili zigonge mhuri haimo kwenye Sheria ya Ardhi. Zungumza nao, toa kidogo cha shukrani ukitaka, lakini milioni 4 na nusu za kugongewa mhuri ni bati za nyumba nzima.

Kwa nyumba za aina hii mimi huuliza maswali kwa mpangilio wa hatari, na la kwanza ni maji ya mvua. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na waliookolewa mabondeni walipelekwa Mabwepande. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Gongo la Mboto na Ulongoni hadi Jangwani, na kingo zake zinaliwa kila masika. Mzinga nao ni vivyo hivyo upande wa Kivule. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe, kwa hiyo nyumba iliyo mita 40 kutoka mtoni ina matatizo mawili: maji na serikali. Nenda kuiona Aprili, si Septemba. Angalia kuta za majirani, maana muuzaji anaweza kupaka rangi mstari wa tope kwake lakini hawezi kupaka mtaa mzima.

La pili ni barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na wengi wa waliovunjiwa walikuwa wamekaa pale miaka mingi, wana umeme na maji ya serikali. Mita ya TANESCO kumbe si ushahidi kwamba upo mahali halali. Nyumba iliyo "barabarani kabisa" kwa bei ya uchochoroni ichunguze mara mbili.

La tatu ni ya nani. Kama mwenye nyumba alifariki, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto wa kwanza, au baba mdogo anayeshika funguo, hana mamlaka hayo kwa kuwa tu ni mkubwa wa ukoo. Kama muuzaji ana mume au mke, mwenza asaini pia: Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa yake. Na jibu la "tulishaachana" halitoshi mpaka uone talaka.

Jambo moja humpa mnunuzi wa nyumba hizi nafuu ya kweli: muda. Sheria ya Ukomo humpa mdai wa ardhi miaka 12 kufungua kesi. Familia iliyokaa mahali miaka 20, ikajenga, ikazikana na majirani, bila mtu kuja kudai, ni salama kuliko muuzaji aliyenunua mwaka juzi na leo ana haraka. Kwa hiyo kati ya nyumba mpya yenye vigae vinavyong'aa na ya zamani yenye bati la kutu iliyokaliwa na mzee yule yule tangu enzi za Mwinyi, mimi niko na mzee.

Kuhusu urasimishaji: ukiambiwa "mtaa umeshapimwa, hati zinatoka karibuni", omba kuona mchoro wa mipango miji wenye namba ya kiwanja, kisha uende nao ofisi ya ardhi ya manispaa. Kuna mitaa ambako watu walichangia upimaji miaka mingi na hati bado wanazisubiri. Neno "karibuni" halina bei, usililipie.

Pagale kwenye kiwanja kilichopimwa

Pagale ni ndoto ya mtu mwingine iliyoishiwa pesa. Mwenyewe alianza kwa kasi, kuta zikasimama, kisha ada za shule, ugonjwa au uhamisho vikaingia. Wanaojenga wanajua kwamba kuta ndizo rahisi. Fedha huishia kwenye paa, madirisha, plasta, mfumo wa umeme na maji, milango na sakafu. Ndiyo maana muuzaji wa pagale mara nyingi hapati hata alichotumia, na hapo ndipo mnunuzi mwenye fedha ndogo anapopata nafasi.

Viwanja vilivyopimwa vyenye bei ya kufikika mara nyingi vinatokana na ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000: Buyuni, Mwanagati, Toangoma, Kibada, Gezaulole, Mwongozo, Bunju na kadhalika. Bunju na Kibada zimeshapanda. Buyuni na ndani ya Toangoma bado kuna mapagale ambayo mtu wa milioni 45 anaweza kukaa mezani na mwenyewe.

Karatasi hapa ni ofa au hati. Ofa ni barua ya toleo, na kama ada zake hazikulipwa bado ina madeni yake. Hati inaweza kuwa ya miaka 33, 66 au 99, uliza imebaki mingapi. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki, na kama kuna mkopo wa benki au zuio juu ya kiwanja. Halafu uliza deni la kodi ya pango la ardhi, ile anayodaiwa mwenye kiwanja na serikali, kwa sababu wengi hawajalipa tangu wapewe. Umiliki huwa na sharti la kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36, na kuta zilizosimama, hata bila paa, zinakuweka mahali pazuri zaidi kuliko pori. Mwisho peleka mpima awashe kifaa chake na kukuonyesha bikoni zote nne, zile alama za mipaka. Usimwache dalali akuonyeshe kwa kidole, "kutoka pale kwenye mwembe mpaka pale". Pagale lililojengwa nusu kwenye kiwanja cha jirani lipo, na ni zaidi ya moja.

Sasa jengo lenyewe. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji, na umlipe siku yake. Aanze na tofali: akikwaruza kwa ufunguo na mchanga ukamwagika kama sukari, uwiano wa saruji ulikuwa mdogo, na plasta haitaponya hilo. Maeneo ya pwani kuna waliotumia mchanga wenye chumvi, na utaona ukuta unatoa unga mweupe. Aangalie lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kama ina nyufa za kukata moja kwa moja au ni za juu juu. Nondo zilizoachwa nje kwa ajili ya nguzo au ghorofa la baadaye, kama zimeliwa na kutu hadi kupungua unene, ujue hata zilizo ndani zimeonja unyevu. Pagale lililokaa miaka kumi bila bati limenyeshewa kwenye kila kiungo, wakati la miaka mitatu lililopauliwa ni kitu kingine kabisa. Na kama mbao za kenchi, zile zinazobeba bati, zilipigwa bila dawa, mchwa wameshakutangulia kuhamia.

Hesabu ya mfano. Pagale la vyumba vitatu lililopauliwa, milioni 26. Milioni 2 weka kwa upekuzi, mpima, wakili na uhamisho. Zinabaki 17. Usijaribu kumaliza nyumba nzima. Maliza masta, jiko na choo kimoja, weka milango miwili ya nje ya chuma na grili za madirisha yote, piga plasta ya ndani kwenye vyumba unavyolala, chimba shimo la choo, ingiza umeme. Uhamie. Sebule itabaki na jamvi la zege na watoto watachezea humo, hakuna aliyekufa kwa kukosa vigae. Wanaoharibu ni wale wanaoanza na fensi na geti la kuvutia mtaani, kisha wanarudi kupanga.

Fundi umlipe kwa hatua, na saruji ununue mwenyewe. Nyumba nyingi Dar zimerefuka miezi kwa sababu mifuko ya saruji ilikuwa inajenga kwingine.

Nyumba za mashirika

Shirika la Nyumba la Taifa lililoanzishwa 1962 limejenga Kibada na Mwongozo huko Kigamboni. Watumishi Housing wana Gezaulole. NSSF wamejenga Mtoni Kijichi na Toangoma, na mfuko ambao sasa ni PSSSF ulijenga Buyuni, upande wa Chanika. Barabara zimepangwa, karatasi ni safi, majirani ni wafanyakazi wenzako. Kwa amani ya moyo hakuna inayozishinda.

Ila milioni 45 hapa mara nyingi ni malipo ya awali, si bei. Taarifa za Benki Kuu za miaka ya karibuni zimekuwa zikitaja riba ya mikopo ya nyumba kati ya asilimia 13 na 19. Chukua milioni 40 kwa asilimia 15, miaka 15: utalipa kama 560,000 kila mwezi, na siku ya mwisho utakuwa umetoa karibu milioni 101. Kama leo unalipa kodi ya pango ya 250,000, hilo si badiliko dogo. Uliza pia kama bei uliyotajiwa ni pamoja na VAT ya asilimia 18, maana nyumba mpya inapouzwa mara ya kwanza na mjenzi aliyesajiliwa, kodi hiyo inaweza kuwa juu yako. Kwa ghorofa kuna ada ya huduma ya kila mwezi, na umiliki wake uko chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya 2008. Omba kuona hati ya sehemu yako, si ya jengo zima.

Hapa pia ndipo ilipo kejeli ya soko letu. Benki hutoa mkopo wa nyumba kwa nyumba yenye hati, lakini nyumba ambazo mtu wa kipato cha chini anaziweza nyingi hazina hati. Matokeo yake watu hununua nyumba za mtaa kwa mkopo wa mshahara, wa miaka michache na makato makubwa, wakati mkopo wenye jina la nyumba unawaendea wenye nafuu tayari. SACCOS ya kazini au ya mtaani mara nyingi ni njia ya kati iliyo bora kwa kumalizia pagale, kwa sababu unakopa hatua kwa hatua kulingana na paa, kisha plasta, kisha umeme.

Usinunue kitu ambacho bado ni mchoro. Maghorofa ya Dege kule Kigamboni, mradi mkubwa uliohusisha mfuko wa hifadhi, yalikwama na kusimama matupu kwa miaka. Kama mradi wa ukubwa ule unaweza kukwama, kampuni changa inayokusanya malipo ya awali kwa picha za kompyuta nayo inaweza. Wenye mpango wa mpangaji mnunuzi wanastahili kusikilizwa, maana unaishi ndani huku unalipa. Soma kwenye mkataba kinachotokea ukikosa kulipa miezi mitatu.

Upande gani wa jiji

Hapa nitakwenda haraka, kwani kila mtu ana kazi yake na ndugu zake mahali fulani. Lakini piga hesabu hii kwanza. Watu wawili mkitumia kila mmoja 4,000 kwa siku, bodaboda ya kutoka lami ikiwemo, kwa siku 26 ni 208,000 kwa mwezi, karibu milioni 2 na nusu kwa mwaka. Katika miaka sita ni milioni 15. Tofauti ya bei kati ya nyumba ya mbali na ya karibu ikiwa chini ya hapo, ya mbali ndiyo ghali.

Chanika na Buyuni zina bei nzuri na viwanja vipana, lakini anayefanya kazi Posta ataamka saa kumi. Mbagala, Chamazi na Kongowe zimenufaika na barabara ya mwendokasi ya Kilwa. Ukivuka Kongowe kuingia Vikindu bei inashuka, na umeshatoka mkoani bila kujijua. Kigamboni ilibadilika tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe Aprili 2016, lakini daraja lina tozo na kivuko kina foleni, hivyo inamfaa zaidi anayefanya kazi huko huko, Kurasini au bandarini. Kibamba na Kiluvya zina barabara pana na kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, na kwa mtu wa safari za mikoani nafuu hiyo hailinganishwi. Kama bei za huko zinakuzidi, angalia Kibaha kwa macho yale yale.

Kabla ya kulipa

Ushuru wa stempu wa asilimia 1 ni wa mnunuzi. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, kisheria ni ya muuzaji, lakini wauzaji wengi hapa mjini huisukuma kwa mnunuzi mwishoni kabisa, wakati umeshachoka. Itaje siku ya kwanza mnapotaja bei. Dalali naye mkubaliane kiwango chake na nani anamlipa, kwa maandishi, kabla hajakupeleka nyumba ya pili.

Lipa kupitia benki, kutoka akaunti yako kwenda akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye hati au kwenye barua ya usimamizi wa mirathi. Anayetaka taslimu kwenye begi usiku wa Ijumaa, mwache aende. Gawanya malipo: sehemu kubwa mkisaini, sehemu iliyobaki baada ya uhamisho kupokelewa ofisi ya ardhi, au kwa nyumba ya mtaa, baada ya mkataba kusainiwa na majirani wa pande zote nne. Siku ya kukabidhiwa funguo omba na namba ya mita ya LUKU na akaunti ya DAWASA, mzisome mkiwa wote mmesimama hapo. Kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU tangu 2021, na deni la mwenzako usipoliuliza leo utalilipa wewe kidogo kidogo kila unaponunua umeme.